Hatarudi au Atarudi? Tathmini ya Mafunzo ya Sauti kwa Waigizaji wa Jukwaa la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanatathmini mafunzo ya sauti wanayopewa waigizaji wanaojiandaa kuingia katika kazi ya uigizaji wa kulipwa kwa lugha ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba mbinu zinazotumika zaidi zilizaliwa katika lugha ya Kiingereza, na kwamba sehemu yake inayohusu pumzi na mwili inatufaa, ilhali sehemu inayohusu utamkaji wa maneno inahitaji kusukwa upya. Katika Kiswahili, habari za nani ametenda, lini ametenda na kama ametenda au hakutenda hukaa katika silabi zisizo na mkazo. Mafunzo yanayomzoesha mwigizaji kuegemea silabi yenye mkazo humfanya asikike bila kueleweka. Makala yanapendekeza kwamba mizani ya ushairi wa Kiswahili, ambayo huhesabu kila silabi, itumike kama msingi wa mazoezi ya utamkaji.

1.0 Utangulizi

Katika onyesho moja la wanafunzi ambalo mwandishi wa makala haya alilihudhuria kama mtazamaji, mjumbe aliingia jukwaani kumpasha mama mmoja habari za mwanawe aliyekwenda vitani. Kauli yake ilikuwa fupi: "Mama, hatarudi." Safu za mbele zilinyamaza. Katika safu za nyuma akina mama kadhaa walipiga vigelegele, kwa kuwa wao walikuwa wamesikia "atarudi." Mwigizaji aliyekuwa amejiandaa kulia alibaki ameduwaa, na kilio chake kilipotoka kilichanganyika na vicheko vya watu waliokwisha kutambua kosa. Onyesho halikurudi tena katika hali yake hadi mwisho.

Baada ya onyesho, kijana yule alielekezwa aongeze sauti. Ushauri huo ndio uliozaa makala haya. Kijana hakuwa na upungufu wa sauti. Alikuwa na pumzi ya kutosha, koo lake halikukaza, na irabu zake zilifika hadi ukuta wa nyuma. Ukumbi mzima ulimsikia. Kilichopotea njiani ni konsonanti moja, nayo ndiyo iliyobeba tofauti kati ya uhai na kifo katika mchezo ule.

Swali linaloongoza tathmini hii ni hili: kwa nini mwigizaji aliyefunzwa vizuri, kwa vigezo vya vitabu tunavyovitegemea, anaweza kusikika na ukumbi mzima na bado akaeleweka kinyume? Jibu linatafutwa kwanza katika chimbuko la mbinu zenyewe, kisha katika muundo wa neno la Kiswahili, na mwisho katika tamthilia moja ambayo hatima ya wahusika wake imefungwa katika maneno yanayotamkwa na kusikiwa.

2.0 Chimbuko la Mbinu za Mafunzo ya Sauti

Mafunzo ya sauti kwa waigizaji, kwa sura tunayoijua leo vyuoni, yana ukoo unaoweza kufuatiliwa. Mwaka 1906 Elsie Fogerty alianzisha jijini London shule ya usemaji na drama ambayo ilikuja kuwa mojawapo ya vituo vikuu vya taaluma hii. Mwaka 1950 J. Clifford Turner alichapisha Voice and Speech in the Theatre, kitabu kilichosisitiza nidhamu ya mbavu na pumzi. Cicely Berry, aliyejiunga na kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company mwaka 1969, alitoa Voice and the Actor mwaka 1973. Kristin Linklater, Mskoti aliyehamia Marekani baada ya kufunzwa na kufundisha London, alitoa Freeing the Natural Voice mwaka 1976. Patsy Rodenburg alifuata na The Right to Speak mwaka 1992.

Waandishi hawa hawafanani. Turner anaijenga sauti kama fundi anavyojenga chombo. Linklater anaona kwamba sauti nzuri tayari imo ndani ya mtu, na kwamba kazi ya mafunzo ni kuondoa vizuizi vilivyowekwa na woga, malezi na mazoea ya mwili. Rodenburg anahusisha vizuizi hivyo na haki: ni nani katika jamii ameruhusiwa kusema, na nani amezoeshwa kunyamaza. Berry anarudi daima kwenye matini, akimtaka mwigizaji ayahisi maneno mdomoni kabla ya kuyafasiri kichwani.

Mbinu zao zimewafikia walimu na wanafunzi wetu aghalabu kupitia vitini, warsha na wahadhiri waliosoma ng'ambo. Si haki kuzipuuza. Mapafu, msuli wa kiwambo unaotenganisha kifua na tumbo, nyuzi za sauti, taya na ulimi ni mali ya binadamu wote. Mwigizaji wa Bagamoyo anayejifunza kulegeza mabega, kushusha pumzi hadi chini ya mbavu na kufungua taya anapata faida ileile anayoipata mwenzake wa London. Aidha, mwigizaji wetu ana hitaji kubwa zaidi la nidhamu hiyo, kwa sababu mara nyingi huigiza katika uwanja wa wazi, chini ya mwembe au katika ukumbi wa shule wenye paa la bati, mahali ambapo upepo na watoto hushindana naye.

Tatizo linaanza pale mbinu zinapotoka kwenye mwili na kuingia kwenye maneno. Hapo mwalimu hafundishi tena sauti ya binadamu. Anafundisha sauti ya lugha fulani. Mazoezi ya utamkaji katika ukoo huu yamejengwa juu ya mambo mawili ya Kiingereza. La kwanza ni mapigo ya mkazo: ushairi wa jukwaani wa Shakespeare, ambao ndio uwanja mkuu wa mazoezi hayo, hupimwa kwa mikazo mitano katika mstari wa silabi zipatazo kumi. Mwanafunzi huzoeshwa kuusikia mkazo, kuuegemea, na kuiacha silabi dhaifu ipite kwa wepesi. La pili ni mwisho wa neno: maneno mengi ya Kiingereza huishia kwa konsonanti, wakati mwingine mbili au tatu kwa mfululizo, na mwigizaji anayezimeza hupoteza maana. Kwa hiyo mazoezi mengi ya ulimi na midomo yanalenga kuzitunza konsonanti za mwisho.

Kwa Kiingereza, huo ni uangalifu wa lazima. Kwa Kiswahili, unamwelekeza mwigizaji kulinda mlango ambao mwizi hapitii.

3.0 Maana Hukaa Wapi katika Neno la Kiswahili?

Kila mwanafunzi wa isimu anajua kwamba mkazo wa neno la Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Anajua pia kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima: nafsi, njeo, mtendwa, mzizi na viambishi vya mwisho. Jambo ambalo mafunzo ya uigizaji hayajalizingatia vya kutosha ni matokeo ya kuyaweka mambo haya mawili pamoja. Mkazo kwa kawaida huangukia mzizi au jirani yake. Nafsi, njeo na ukanushi, ambavyo ndivyo vinavyomwambia mtazamaji nini hasa kimetokea, hubaki mwanzoni mwa neno, mahali pasipo mkazo.

Tuanze na ukanushi, kwa kuwa ndio uliomponza mjumbe wetu. Wakati uliopo hukanushwa mwanzoni na mwishoni mwa neno: "anasema" huwa "hasemi." Wakati uliopita hubadilisha na alama ya njeo: "alisema" huwa "hakusema." Mtazamaji aliyepitwa na mwanzo bado ana pa kushikilia. Lakini katika wakati ujao, nafsi ya pili na ya tatu umoja, tofauti yote imewekwa juu ya h peke yake: "utasema" na "hutasema," "atarudi" na "hatarudi." Hali ni hiyohiyo kwa "ana" na "hana," "una" na "huna." Hakuna silabi iliyoongezwa wala irabu iliyobadilika.

Sasa h ni sauti ya namna gani? Hutamkwa nyuzi za sauti zikiwa zimeachana, hewa ikipita bila mtetemo wenye nguvu. Ni miongoni mwa sauti dhaifu kabisa katika kusafiri. Mwigizaji anapokaza koo ili apaze sauti, nyuzi hukutana mapema na kwa nguvu, na nafasi ya h hutoweka. Ndiyo maana ushauri wa kuongeza sauti ulikuwa kinyume cha dawa: kadiri kijana yule angepaza, ndivyo "hatarudi" ingezidi kuwa "atarudi," kwa sababu nguvu yote ingekwenda kwenye silabi ya "ru," ambayo haina mgogoro wowote. Tukikumbuka pia kwamba baadhi ya wasemaji, kwa athari za lugha zao za kwanza, huidondosha h hata katika mazungumzo ya kawaida, tutaona kwamba jambo hili si la kuachiwa bahati.

Mfano wa pili ni viambishi "ki" na "ka." "Akilia, ataondoka" na "akalia, ataondoka" hazina uhusiano mmoja wa matukio. Ya kwanza inaweka sharti. Ya pili inasimulia tendo lililofuata jingine, na mtazamaji aliyeisikia hivyo atashindwa kuiunga na kinachofuata. Tofauti ni irabu moja katika silabi isiyo na mkazo. Mfano wa tatu uko mwishoni mwa neno, baada ya mkazo, mahali ambapo pumzi ya mwigizaji huwa inaelekea kuisha: "alipiga" na "alipigwa," "alificha" na "alifichwa." Mtenda na mtendwa wanatenganishwa na w nyembamba katika silabi ambayo waigizaji wengi huiacha ianguke. Katika tamthilia inayohusu mashtaka au usaliti, kuimeza w hiyo ni kubadilisha hukumu.

Inaweza kupingwa kwamba muktadha huokoa. Mara nyingi ni kweli. Hata hivyo, tamthilia hujengwa makusudi juu ya nyakati ambapo muktadha haujulikani bado: habari mpya, siri inayofichuliwa, ahadi, kiapo. Katika nyakati hizo mtazamaji hana kingine isipokuwa neno lenyewe. Vilevile, Kiswahili huweza kuuliza swali la ndiyo au hapana kwa kiimbo peke yake. "Amekuja" ni taarifa au ni swali kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Mwigizaji aliyejaza ukumbi kwa sauti ya kiwango kimoja amemnyang'anya mtazamaji hata alama hiyo.

Linklater ametupatia, bila kukusudia, nyenzo ya kutatua tatizo hili. Zoezi lake la msingi humtaka mwanafunzi aachie pumzi ya kutua mzigo, ikiambatana na mguso mdogo wa sauti unaoanza kwa h. Kwake yeye h hiyo haina maana ya kisarufi. Ni njia ya kuifikia sauti bila kukaza koo. Kwa mwigizaji wa Kiswahili, h hiyo ndiyo "hapana." Mwalimu anaweza kulichukua zoezi hilohilo na kulipa sarufi: pumzi ya kutua mzigo, kisha "ha," kisha "hana," kisha "hatarudi." Pumzi inayotangulia kitenzi inakuwa ndiyo inayobeba ukanushi. Hapa dhana ya sauti ya asili, ambayo wahakiki wa baadaye wameihoji kwa kuifikiria sauti kama kitu kisicho na utamaduni, inapata jibu la vitendo: hakuna sauti inayofika jukwaani bila lugha.

4.0 Neno Linalosikiwa: Mfano wa Kinjeketile

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, inafaa kuwa kipimo cha hoja hii. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kinjeketile anaingia mtoni na kutoka akiwa na ujumbe wa Hongo: maji yatakayowaunganisha watu na kuwakinga na risasi. Ujumbe huo una pia maneno yanayomtaja Seyyid Said, na baadaye Kinjeketile mwenyewe anateswa na maneno hayo aliyoyatamka akiwa amepandwa, kwa sababu anaona yanaweza kuwa yanabadilisha mtawala mmoja kwa mwingine. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anasisitizwa akane maji, naye anakataa.

Tunachokiona hapa ni tamthilia ambayo mhimili wake ni neno, jinsi lilivyotamkwa na jinsi lilivyosikiwa. Ahadi ya maji, tukiitazama kisarufi, ni ahadi ya ukanushi katika wakati ujao: aliyeyapata hatadhurika. Ni umbo lilelile lililomponza mjumbe wetu. Mtazamaji anapaswa kulisikia kwa ukamilifu, kwa sababu mchezo wote unaofuata ni kesi dhidi ya ahadi hiyo.

Desturi iliyozoeleka ya kuigiza onyesho la kupandwa ni kunguruma. Mwigizaji hushusha sauti kifuani, hukwaruza koo, hutetemeka, na hadhira hushtuka. Kama mafunzo ya sauti yanapimwa kwa nguvu na upana, mwigizaji huyo amefaulu. Lakini kama maneno yamezama katika ngurumo, hadhira haina itakachokumbuka Kinjeketile atakapoanza kuyapima upya. Dhiki yake ya baadaye inaonekana kama huzuni ya ghafla isiyo na chanzo. Mshtuko wa dakika mbili umenunuliwa kwa gharama ya uelewa wa tamthilia nzima.

Kwa hiyo onyesho hilo linadai kinyume cha desturi: mwili uliopandwa, na utamkaji ulio wazi kuliko kawaida. Hapo ndipo kauli ya mtu aliyepandwa inapotisha zaidi, kwani kila silabi inasikika kana kwamba imepimwa na asiyekuwa yeye. Uamuzi huo ni wa mwongozaji, lakini hauwezekani kama mwigizaji hakufunzwa kutenganisha nguvu ya sauti na uwazi wa silabi.

5.0 Mizani kama Shule ya Utamkaji

Ikiwa mkazo si mwalimu wa kutosha, ni nini kitakachochukua nafasi yake? Jibu liko karibu. Ushairi wa kimapokeo wa Kiswahili hauhesabu mikazo; huhesabu mizani. Mshororo wa utenzi una mizani 8. Mshororo wa shairi la tarbia kwa kawaida una mizani 16, zilizogawanywa nusu kwa nusu katika ukwapi na utao. Katika hesabu hiyo, kiambishi cha njeo ni sawa na mzizi. Nazali inayounda silabi peke yake, kama m ya "mtu," inahesabiwa. Mghani anayemeza silabi moja anavunja mshororo, na wasikilizaji wanaojua hulitambua kosa papo hapo.

Faida yake kwa mwigizaji ni mbili. Ya kwanza ni usawa wa silabi, ambao ndio hasa mafunzo ya sasa yanaukosa. Ya pili ni pumzi. Mshororo wa mizani 16 unampa mwanafunzi urefu unaojulikana wa kupanga pumzi, kituo katikati na kituo mwishoni, tena ndani ya sentensi ya lugha yake. Aidha, wingi wa nazali katika Kiswahili, yaani m, n, ny na ng', unampa mvumo wa pua na mdomo ambao mazoezi ya kigeni huutafuta kwa kunguruma midomo ikiwa imefungwa.

Pendekezo linaloweza kufanyiwa kazi darasani lina hatua nne. Kwanza, mwanafunzi anaghani beti kadhaa kwa mahadhi. Pili, anazisoma beti hizohizo bila mahadhi, akihifadhi uzito wa kila mizani. Tatu, anahamia kwenye mazungumzo ya nathari na kuvipa viambishi vya mwanzo na vya mwisho haki ileile. Nne, mwenzake anasimama mbali, amempa mgongo, na baada ya kila kauli anajibu maswali matatu tu: ni nani, ni lini, na ni ndiyo au hapana. Kipimo hiki hakiulizi kama sauti ni nzuri. Kinauliza kama habari imefika.

Kuna hatari ambayo lazima ikubaliwe. Mahadhi yana nguvu, na mwigizaji aliyelelewa nayo anaweza kupeleka wimbo jukwaani, kila mhusika akasikika kama mghani. Usawa wa silabi nao, ukizidishwa, huzaa usemaji wa mtu anayesoma imla. Ndiyo maana hatua ya tatu ni ya lazima. Mizani ni ngazi: humpandisha mwanafunzi, kisha huondolewa.

Mahitaji ya kazi yanaupa mpango huu uzito zaidi. Mwigizaji wa leo hapati riziki jukwaani tu. Anaitwa kwenye mchezo wa redio, kwenye tamthilia ya televisheni, na kwenye studio za kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za kigeni. Katika kazi hii ya mwisho analazimika kuingiza kitenzi kirefu katika muda wa midomo ya mtu mwingine. Anapobanwa, huanza kula vichwa vya vitenzi, kwa sababu ndivyo visivyo na mkazo. Kipaza sauti kimemwondolea tatizo la umbali lakini hakikumwondolea tatizo la silabi.

6.0 Hitimisho

Tathmini hii haikukusudia kuwafukuza Berry, Linklater na wenzao kutoka madarasani mwetu. Imekusudia kuonyesha kwamba tumechukua mazoezi yao na kuliacha funzo lao kuu. Berry hakufundisha kwamba kila lugha itamkwe kama ya Shakespeare. Alifundisha kwamba sauti itafutwe ndani ya maneno ya matini iliyopo. Anayelifuata funzo hilo kwa uaminifu, akiwa na matini ya Kiswahili mkononi, atafikishwa kwenye viambishi, kwenye h ya ukanushi, kwenye w ya mtendwa, na kwenye mizani.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba mitaala ya uigizaji iwakutanishe mwalimu wa sauti, mwalimu wa fonolojia na mghani wa mashairi katika somo moja, badala ya kuwaacha katika idara tatu zisizosalimiana. Inapendekezwa pia kwamba watahini wa maonyesho ya vitendo wakae safu za nyuma. Kule ndiko walikokaa akina mama waliopiga vigelegele. Walikuwa wamesikiliza kwa makini, wakafurahi kwa dhati kwamba mtoto wa mwenzao atarudi, na hakuna haki ya kuwacheka. Kosa lilikuwa letu sisi tuliomfunza mjumbe.